Zamu na Wakati katika Mchezo wa Bao

Watu wengi hudhani ya kuwa kuujua mchezo ni kujua lipi lafaa kutendwa na lipi halifai. Ujuzi huo ni nusu tu. Nusu ya pili, nayo ndiyo iliyo ngumu, ni kujua lini. Tendo lililo halali sasa laweza kuwa kosa baada ya kitambo kidogo, hata likitendwa na mtu yule yule juu ya ubao ule ule. Katika insha hii nataka kuuchunguza mchezo wa bao kwa upande huo wa wakati, na kuipima kanuni yake moja ambayo vijana wengi huilalamikia. Sitaitetea kwa kuwa ni ya kale, wala sitaishutumu kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni, kama sarafu, yapasa kupigwa juu ya jiwe ili ijulikane kama ni ya fedha au ya bati.

Lililonifanya nifikiri juu ya jambo hili nililiona Funzi. Funzi ni kisiwa kidogo cha pwani ya kusini ya Kenya, katika Kwale, upande wa kusini wa Msambweni. Msafiri hukiendea kwa mashua kutoka Bodo, akipita kando ya mikoko, si mbali na mahali Mto Ramisi umwagapo maji yake baharini. Maisha ya huko hufuata maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwenye chombo asiyeijua hesabu hiyo hukwama matopeni, na hapana dua wala hasira iwezayo kumwinua mpaka maji yarudi. Basi watu hungoja, na wanapongoja, baadhi yao huketi barazani wakacheza bao.

Alasiri moja nilikuwa miongoni mwa watazamaji. Wachezaji walikuwa mzee mmoja, nahodha wa zamani, na kijana wa shule ya sekondari aliyerudi nyumbani kwa likizo. Kijana aliamkia kwa adabu, "Shikamoo, babu," akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," wakaketi kitako, ubao ukiwa katikati yao. Mchezo ulikwenda vema kwa muda, kisha kijana akaanza kuzidiwa. Safu yake ya mbele ikabaki na kete katika mashimo matatu tu: kete 1 katika shimo la kwanza kutoka kushoto kwake, kete 2 katika shimo la nne, na kete 2 katika shimo la sita. Mashimo yake ya nyuma yalikuwa ama matupu ama yenye kete moja moja. Mkabala wa shimo lake la nne na la sita mzee hakuwa na kitu. Lakini mkabala wa shimo lake la kwanza mzee alikuwa na kete 8, zimelundikana kama embe kapuni.

Kijana alizichukua kete 2 za shimo la sita, akazitembeza kushoto. Ya mwisho iliangukia shimo la nne, lililokuwa na kete. Akazizoa zote 3, akaendelea: shimo la tatu, la pili, la kwanza. Kete ya mwisho ikaangukia shimo la kwanza, nalo lilikuwa na kete, na mbele yake zile kete 8 za mzee. Uso wake ukang'aa, akanyosha mkono azichukue. Mzee akalifunika shimo kwa kiganja.

"Babu," akasema kijana, "kete yangu imeangukia shimo lenye kete, na mbele yake mna kete zako. Ni haki yangu kuzila."

"Ni haki ya mwenye kula tangu mwanzo, mjukuu wangu. Wewe umeanza kwa kutakata; utamaliza kwa kutakata."

"Kwa nini, babu?"

"Ndivyo bao lilivyo."

Watu wakacheka. Kijana akazizoa kete zake 2, akazipitisha safu ya nyuma, ya mwisho ikalala katika shimo tupu. Haukupita muda akafungwa. Alipokuwa akiinuka alinong'ona kwamba kanuni ile wazee wameitunga wenyewe ili wasifungwe na vijana.

Maneno hayo sikuyasahau. Kijana alikosea juu ya kanuni. Lakini mzee naye, kwa maoni yangu, alikosea katika jawabu. Mtu akiuliza "Kwa nini?" akajibiwa "Ndivyo ilivyo," hana budi kuchagua moja katika mawili: kutii bila ya kufahamu, au kushuku bila ya ushahidi. Yote mawili ni hasara. Kwa hiyo na tujaribu kumpa kijana yule jawabu ambalo hakulipata barazani.

Kwanza yatupasa kuutazama ubao wenyewe, kwa faida ya msomaji ambaye hajaketi mbele yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu 4 za mashimo 8. Kila mchezaji ana safu 2, ya mbele na ya nyuma, na vita hupiganwa katika safu za mbele. Kete ni 64, kwa kawaida komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji, shimo la nne kutoka kulia kwake huitwa nyumba, na aghalabu huchongwa la mraba ili litofautike na mengine. Shimo la mwisho la kila upande wa safu hiyo huitwa kichwa. Mwanzo wa mchezo kila mtu huweka kete 6 katika nyumba, na kete 2 katika kila moja la mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi.

Kula ni hivi: kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mkabala la mpinzani nalo lina kete, zile za mpinzani huchukuliwa na kupandwa moja moja upande wa mlaji, kuanzia kichwani. Ya mwisho katika hizo nayo yaweza kula tena. Au ikikuta shimo lenye kete pasipo cha kula mbele yake, huzoa na kuendelea. Mkono hukoma kete ya mwisho iangukiapo shimo tupu. Hapo husemwa kwamba umelala.

Sasa tuifikie kanuni iliyomwudhi kijana. Zamu katika bao ni za namna mbili. Kama mchezaji anaweza kula, ni lazima ale. Hana hiari ya kukataa. Kama hawezi, hucheza bila ya kula, na huko ndiko kutakata. Aliyeanza kwa kutakata hawezi kula kitu mpaka mkono ulale, hata kete yake izunguke ubao wote na kusimama mbele ya mali iliyoje. Namna ya zamu huamuliwa mwanzoni, na hugandamana nayo hadi mwisho wake.

Neno lenyewe latufundisha kitu. Kutakata ni kuwa safi. Mchezaji anayetakata amekiri mbele ya watu kwamba mkono wake hauna tonge, na mkono huo utabaki safi mpaka zamu ifike kikomo. Aliyelichagua neno hilo, awaye yote, alikuwa na sikio jema.

Lakini uzuri wa jina si hoja. Kijana angeweza kusema, "Jina ni zuri, na kanuni bado ni dhuluma." Kwa hiyo nitaleta hoja tatu.

Ya kwanza ni hoja ya ulinzi. Mchezaji mwema si yule anayekula sana tu, bali ni yule anayejua kuziweka kete zake mahali pasipofikiwa. Katika nusu ya pili ya mchezo, wakati kete za mkononi zimekwisha, mpinzani ana mashimo 16, na kila shimo laweza kuchezwa pande 2. Basi anayejilinda ana njia 32 za kutazama, wala hazizidi. Kwa kila njia atajiuliza: kete ya mwisho ya hatua ya kwanza itaangukia wapi? Hesabu hiyo yataka akili na subira, lakini binadamu aiweza. Sasa fikiri kama kungekuwa na ruhusa ya kula popote katikati ya mkono. Anayejilinda angelazimika kuifuata kila njia katika mizoo yake yote, wa pili, wa tatu, wa kumi, huku kila mzoo ukiyabadili mashimo yajayo. Si kwamba hapana awezaye. Mabingwa wa Unguja wanasifika kwa hesabu ndefu za namna hiyo, na mwaka 1995 mtaalamu Mholanzi Alexander de Voogt alitoa kitabu kizima juu ya ufundi wao. Lakini mchezo usioweza kulindwa ila na bingwa si mchezo wa baraza tena. Kwa wengine wote ungekuwa bahati nasibu. Kanuni ya kutakata ndiyo inayompa mtu wa kawaida ukuta wa kuegemea.

Ya pili ni hoja ya lazima. Tumesema kwamba mwenye kuweza kula hana budi kula. Lazima hii ni silaha kubwa, maana fundi humtegea mpinzani chambo, akamlazimisha kula kete chache ili apoteze nyingi. Lakini lazima yataka ushahidi. Watazamaji watajuaje kama mtu amevunja kanuni kwa kukataa kula? Watajua kwa kuutazama ubao kabla mkono haujaanza, na kuona kama iko njia ya kula katika hatua ya kwanza. Kama kula kungeruhusiwa katikati ya kutakata, hakuna awezaye kusema mwanzoni nani anaweza kula na nani hawezi. Kila zamu ingezaa mzozo, na kila mzozo ungeamuliwa na mwenye sauti kubwa. Kanuni ya wakati ndiyo inayoifanya kanuni ya lazima iweze kuhukumiwa. Wanafunzi wataona hapa jambo lililo kubwa kuliko bao: sheria isiyosema lini hushindwa kusimamia hata yale iliyoyasema.

Ya tatu ni hoja ya fidia, nayo kijana yule nadhani hakuijua kabisa. Kanuni inayomnyima anayetakata haki ya kula leo humpa kitu kingine kwa kesho. Katika nusu ya pili ya mchezo, mtu akiisha kutakata, na sasa anatishia shimo moja tu la mwenzake, na mwenzake huyo hana la kula, basi mwenzake haruhusiwi kulicheza shimo hilo. Husemwa kwamba shimo limetakasiwa. Liko pale kama samaki katika wando: maji yamemwacha, na mwenyewe yuaja. Yapo mashimo yaliyosamehewa, kama nyumba ambayo bado imesimama, au shimo lililo peke yake lenye kete katika safu ya mbele, au lililo peke yake lenye kete zaidi ya moja. Lakini maana yake ni wazi. Anayetakata vizuri hakupoteza zamu, ameikopesha. Wahenga walisema kwamba subira huvuta heri, na hapa heri yenyewe imeandikwa katika kanuni.

Hoja hizi tatu zatosha, naona, kuonyesha kwamba kanuni ile haikutungwa ili wazee wasifungwe. Lakini nisingetaka msomaji adhani kwamba kutakata ndipo mahali pekee ambapo bao linaupima wakati. Mchezo wote umejengwa hivyo.

Utazame mwanzo wake. Kwa jinsi kete zinavyopangwa, zile za mchezaji mmoja hazikabili za mwenzake hata katika shimo moja. Kwa hiyo mchezaji wa kwanza hana la kula, naye hufungua mchezo kwa kutakata. Hapana anayeanza vita na damu mkononi.

Kisha mchezo wenyewe una majira mawili. Jira la kwanza ni la kunamua. Kila zamu mchezaji hutia kete moja ya mkononi katika shimo la mbele lenye kete, ndipo mkono wake uanze. Kwa kuwa kila mmoja alianza na kete 22, kila mmoja atanamua mara 22, wala si zaidi, na wote wawili wanajua zimebaki ngapi. Kete ya mwisho ikiisha kutoka mkononi, jira la pili laingia, la mtaji. Sasa hapana akiba. Kila mtu ataishi kwa mali iliyo ubaoni, na shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha mkono. Neno "mtaji" ni la wafanya biashara, nalo limekaa mahali pake: mwenye mtaji aweza kufanya biashara, na asiyekuwa nao hutazama. Watu wa Funzi wanaijua hali hii kwa mfano wa karibu zaidi. Kaskazi haiwi kusi kwa sababu nahodha mmoja hakuwa tayari, na namua haingoji mtu azipange kete zake.

Itazame na nyumba. Wakati wa kunamua, mwenye nyumba iliyosimama, yaani yenye kete 6 au zaidi na ambayo haijachezwa, ana heshima ya pekee. Akiwa katika mkono wa kula, na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani mwake pasipo cha kula mbele yake, anaulizwa na mchezo swali moja: kulala au kusafiri? Akilala, mali yake inabaki akiba. Akisafiri, anazizoa kete zote na kuzitembeza, na nyumba imekwisha. Heshima yake hairudi hata akija kujaza shimo lile kete 20. Akitakata, hana hiari: mkono ukifika nyumbani hulala hapo. Na kama ni lazima atakate, wala hana kete mahali pengine katika safu ya mbele ila nyumbani tu, hatoi zote. Hutoa 2 tu, kama mtu anayelipa kodi ili asihamishwe.

Nimeona wachezaji wengi wanaochipukia wakisafiri mapema, kwa sababu kete nyingi zikitembea hupendeza macho na kuvuta vishindo vya watazamaji. Wachache kati yao hujiuliza kama saa imefika. Nyumba yenye kete 10 ni utajiri. Lakini ikichukuliwa na mpinzani kabla ya kusafiri ni msiba, na ikisafirishwa wakati mpinzani ana njia ya kuzila kete zilizotawanyika ni msiba vile vile. Kati ya misiba hiyo miwili pana saa moja iliyo njema, na hapana kanuni inayokutajia. Kanuni inakuonyesha tu mlango. Saa ya kuufungua yataka akili yako mwenyewe. Hapo ndipo sheria inapokoma na sanaa inapoanza, na kwa hiyo sishangai kwamba mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliliona bao kuwa jambo linalostahili kutungiwa shairi.

Ili tuihukumu kazi hii kwa haki, yafaa kuilinganisha na nyingine. Mwaka 1993 mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, alitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Wachezaji hununua na kubadilishana karata, kila mmoja akajitengenezea fungu lake, kisha hupambana kana kwamba ni wachawi wa hadithini, wakituma viumbe na mazinguo. Mchezo huo umeenea duniani, na vijana wanaoucheza husumbuliwa na swali lile lile la kijana wa Funzi: kwa nini karata yangu haikufanya nililolitaka?

Tangu mwaka 1999 jawabu lake hufuata mpango wa lundo. Karata nyingi zikichezwa hazifanyi kazi papo hapo. Huwekwa kwanza kama sahani mezani, na mpinzani ana nafasi ya kuweka sahani yake juu. Wote wakiisha kunyamaza, sahani huondolewa kutoka juu kwenda chini: iliyoingia mwisho hutenda kwanza. Tuchukue mfano. Mimi nina kiumbe awezaye kustahimili madhara yasiyofika 3. Wewe unamtupia radi yenye madhara 3. Nami najibu kwa karata ya kumkuza, imwongezayo nguvu 3 kwa siku hiyo. Karata yangu iliingia mwisho, basi itatenda kwanza. Kiumbe amekua, radi inampiga, naye anaishi. Sasa tugeuze. Mimi naanza kwa karata ya kukuza, nawe unajibu kwa radi. Radi itatenda kwanza, kiumbe atakufa, na karata yangu itafika kumkuta maiti. Karata ni mbili zile zile, na wachezaji ni wale wale. Kilichobadilika ni utaratibu tu.

Kwa mtazamo wa kwanza mtu angesema kwamba mchezo huo ni hodari kuliko bao, kwa sababu unampa mpinzani nafasi ya kujibu katikati ya tendo. Mimi sikubali upesi. Hizi ni adabu mbili tofauti. Katika karata zile, wakati ni mazungumzo: kila neno laweza kukatizwa na neno lingine, na hekima ni kujua kuzuia ulimi mpaka mwenzio amesema kwanza. Katika bao, wakati ni kama zamu ya kusema katika baraza la wazee. Anayesema husema mpaka amalize, na mwenzake haweki mkono ubaoni hata akiumwa kiasi gani. Jawabu lake lazima liwe limetayarishwa kabla, kwa namna alivyozipanga kete zake. Lakini juu ya jambo moja michezo hii miwili inapatana kabisa: tendo huhukumiwa kwa mahali lilipoanzia katika utaratibu, si kwa tamaa ya mtu lifikapo mwisho. Kijana wa Funzi angekwenda kucheza karata zile, angeudhika vile vile na kwa kosa lile lile.

Baada ya kuisifu kanuni, sina budi kuwalaumu walinzi wake. Lawama ya kwanza ni kwa wazee wanaojibu "Ndivyo lilivyo." Bao kwa kawaida halisomwi kitabuni, hukaa vinywani na mikononi. Kanuni isiyoelezwa sababu zake hupokewa kama mzigo, na mzigo usiojulikana una nini ndani hutupwa njiani mara ya kwanza mbebaji akichoka. Nisingeshangaa siku moja kukuta baraza ambapo watu wanakula katikati ya kutakata, na hakuna anayejua kilichopotea.

Lawama ya pili ni kwetu sisi tunaofundisha watoto. Liko bao jepesi liitwalo bao la kujifunza. Kila shimo hutiwa kete 2, hapana kunamua, hapana nyumba, na mchezo huingia katika mtaji moja kwa moja. Ni mlango mzuri. Lakini wengi wamefanya mlango kuwa nyumba, wakaketi kizingitini maisha yao yote. Aliyecheza bao hilo peke yake hajaujua mgeuko wa majira, wala hajalazimika kuchagua kati ya kulala na kusafiri. Amejifunza kuhesabu, hajajifunza kungoja. Na anayecheza katika simu, ambapo mashine hukataa mkono usio halali na kuukubali ulio halali, hutii kanuni pasipo kuombwa aifahamu. Mashine nayo, kwa njia yake, humwambia: "Ndivyo lilivyo."

Lawama ya tatu ni kwa kijana, na kwa kila mwanafunzi aliye kama yeye. Kuuliza sababu ni haki na ni wajibu. Bali kushuku hila kabla ya kutafuta sababu ni uvivu uliovaa nguo za ujasiri. Alikuwa na ubao mbele yake. Angeweza kuzirudisha kete, akajaribu kucheza mchezo mmoja kwa kanuni yake mwenyewe, na kuona unakuwaje. Kanuni ya mchezo ina wema huu ambao sheria nyingi za dunia hazina: yaweza kujaribiwa alasiri moja, bila ya mtu kuumia.

Namalizia na alasiri ile. Maji yalikuwa bado hayajafika, na mzee akamwita kijana warudie. Kijana aliketi kwa shingo upande. Mchezo wa pili ulikuwa mrefu, naye akacheza kwa uangalifu zaidi. Ilipofika katikati ya mtaji, mzee hakuwa na la kula, akatakata. Kete zake zikazunguka, akazoa, zikazunguka tena, na ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, mkabala na shimo la kijana lililokuwa na kete 6. Hapo baraza zima lilinyamaza. Kama angezila kete zile, mchezo ungekuwa wake.

Mzee hakuzitazama hata kidogo. Alizizoa kete zake mwenyewe, akaendelea na safari yake, mkono ukalala katika shimo tupu la nyuma. Kisha akainua uso, akasema, "Zamu yako, mjukuu wangu."

Kijana aliutazama ubao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa na mchezo wenyewe. Hakusema neno juu ya kanuni, wala hakuna aliyemwuliza. Akahesabu kwa kidole mashimo yake na ya mzee, pande zote mbili, akazichukua kete zake, akacheza. Walipokuwa bado hawajamaliza, maji yakajaa, mwenye mashua akapiga ukelele, nasi tuliokuwa tukienda Bodo tukaondoka. Sikujua nani alishinda. Lakini nilipoondoka, wote wawili walikuwa bado wameinama juu ya ubao.